Babu na mama, nani mkweli kuhusu wakimbizi wa Nyarugusu?

Msomaji wetu ameandika hivi: “Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, kwetu ni Makere, Kasulu, jirani kabisa na kambi ya Nyarugusu. Nataka kuandika tasnifu kuhusu wakimbizi lakini nyumbani kwenyewe hatuelewani. Babu anasema wakimbizi wametumalizia kuni na tangu waje hakuna anayempa kibarua kwa bei ya zamani. Mama anauza unga wa muhogo na dagaa, anasema bila wakimbizi tusingeezeka bati. Msimamizi wangu anataka nichague msimamo: wakimbizi ni mzigo au ni faida? Nani mkweli kati ya babu na mama? Na nianzie wapi?”

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu swali lako ndilo nililokwenda nalo Kigoma mara ya kwanza, na mimi sikuwa na babu wala mama wa kunionyesha pande zake mbili.

Nikujibu moja kwa moja: wote wawili ni wakweli. Sisemi hivyo ili amani irudi nyumbani kwenu. Tafiti zilizofanywa magharibi mwa Tanzania tangu miaka ya 1990 zinampa babu yako haki yake na mama yako haki yake, tena mara nyingine katika ukurasa uleule. Kilichokosewa ni swali la “mzigo au faida”, na hapa msimamizi wako anisamehe, kwa sababu linawachukua wenyeji wote kama mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Makere haina mfuko mmoja. Yupo mwenye ekari kumi na yupo asiye na hata robo. Yupo mwenye genge barabarani na yupo mjane anayefuata kuni mlimani. Mkimbizi akifika, mmoja anakutana naye sokoni akiwa mteja, mwingine anakutana naye shambani akiwa mshindani wa kibarua, mwingine anamkuta bombani, kwenye foleni ya ndoo. Beth Whitaker, mtafiti Mmarekani aliyefanya kazi vijijini huko huko magharibi katika miaka ya 1990, aliliona hili mapema: aliyenufaika na aliyeumia walitofautiana kwa jinsia, kwa umri na hasa kwa kile mtu alichokuwa nacho kabla wakimbizi hawajavuka mpaka. Aliyekuwa na ardhi au mtaji alipanda. Aliyekuwa na mikono mitupu mara nyingi aliteremka.

Tunayajua haya kwa namba kwa sababu ya jambo ambalo halikupangwa. Mwaka 1991 Benki ya Dunia na Muhimbili walianza utafiti mkubwa mkoani Kagera. Haukuhusu wakimbizi hata kidogo. Walitaka kujua familia zinaishije baada ya ukimwi kuua watu wazima. Kaya zaidi ya 900 katika maeneo 51 ziliulizwa wanalima nini, wanakula nini, wana mali gani, watoto wana urefu na uzito gani, na ziliulizwa tena na tena hadi mwaka 1994. Madodoso yakiwa bado yanazunguka, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi akauawa Oktoba 1993 na Warundi wakaanza kuvuka. Kisha Aprili 1994 yakaanza mauaji ya kimbari nchini Rwanda, na kati ya tarehe 28 na 29 za mwezi huo watu wapatao 250,000 wakapita daraja la Rusumo katika muda wa takribani saa 24. Watafiti waliokuwa wakifuatilia misiba ya ukimwi wakajikuta wameshika picha ya Kagera ya kabla ya wakimbizi. Mwaka 2004 na tena 2010 familia zilezile zikatafutwa, hata watoto waliokwisha kuhama. Na kwa kuwa kambi zilikuwa upande wa magharibi, Ngara na Karagwe, ilhali upande wa Ziwa Viktoria haukuguswa sana, ikawezekana kulinganisha.

Ukitoka na jambo moja tu kwenye jibu langu, toka na hili: bila picha ya kabla, huna utafiti wa athari. Una malalamiko na shukrani, basi. Nitalirudia mwishoni, kwa sababu nadhani wewe picha hiyo unayo nyumbani kwenu.

Jean-François Maystadt na Philip Verwimp ndio waliozichambua namba hizo kwa swali la nani alipata na nani alikosa. Mkulima mwenye shamba lake alinufaika, kwa sababu alipata vibarua kwa bei nafuu na wanunuzi wengi kwa mpigo. Aliyekuwa akiishi kwa kulimia wenzake ndiye aliyeumia: ujira wake ulipata washindani huku bei za chakula zikipanda. Huyo ni babu yako, mwanangu. Jennifer Alix-Garcia na David Saah waliangalia bei sokoni wakakuta kwamba vyakula visivyokuwa kwenye mgao wa msaada vilipanda sana, na vile vya mgao vilipanda kidogo tu. Kaya za vijijini karibu na kambi zilionekana kuongeza mali, ilhali za mjini, ambazo hununua badala ya kuuza, zilipungukiwa. Mama yako, anayeuza kitu ambacho hakimo kwenye mgao, yuko upande wa bei iliyopanda. Bati lake lina maelezo ya kiuchumi yaliyonyooka.

Halafu kuna barabara. Miaka mingi baada ya Wanyarwanda kurudi kwao, Maystadt na mwenzake Gilles Duranton walikuta kaya zilizokuwa karibu na kambi za Kagera bado ziko nafuu kuliko zingine, na sababu kubwa waliyoiona ni barabara zilizotengenezwa ili malori ya msaada yapite. Wakimbizi waliondoka, njia ikabaki, nauli ya mizigo ikashuka. Lakini mkoa uleule, miaka ileile, una habari nyingine ambayo watu wa sera hawapendi kuitaja mbele ya wageni. Javier Baez aliwafuatilia waliokuwa watoto wadogo wakati ule, akakuta kwamba walioishi karibu na msongamano wa kambi, walipokaribia utu uzima, walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 1.8 kuliko ambavyo wangekuwa, na shule pia walisoma pungufu kidogo. Sentimita 1.8 mtu anaweza kuziona ndogo. Kwa anayejua lishe, huo ni mwaka wa kuhara na homa, maji machafu na zahanati iliyozidiwa, ulioandikwa ndani ya mifupa ya mtoto wa mwenyeji. Barabara haimrudishii.

Kwa hiyo ukiulizwa “mzigo au faida”, jibu lako liwe: kwa nani, kwa muda gani, na chini ya kanuni zipi. Kwenye hizo kanuni ndipo ningependa tasnifu yako ikae.

Nieleze ninachoamini baada ya miaka mingi ya kazi hii. Kinachoamua kama mkimbizi atakuwa mteja wa mama au mshindani wa babu, kwa sehemu kubwa, si mkimbizi mwenyewe. Ni ruhusa aliyopewa au aliyonyimwa. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae kwenye eneo lililotengwa, na akitoka bila kibali ametenda kosa. Mgao ukipungua, njaa haingoji kibali. Mtu anatoka alfajiri kwa njia za panya na kwenda kulima shamba la mwenyeji. Sasa fikiria anavyopatana bei. Hawezi kukataa, hawezi kumshtaki mwajiri asiyemlipa, hawezi kwenda kijiji cha pili kutafuta bei bora, na akikamatwa anarudishwa au anafungwa. Atalipwa chochote atakachopewa, pengine bakuli la muhogo. Anayeporomosha ujira wa babu yako ni huyu mtu asiye na sauti, na sauti hiyo amenyimwa na sheria. Mpe kibali cha kazi, ataomba bei ya soko kama babu anavyoomba. Wengi hudhani kumfungia mkimbizi kambini kunamlinda kibarua wa Kitanzania. Mimi naona kunamwuza.

Tena sisi tulikuwa na njia nyingine, na ushahidi wake uko Katavi na Tabora. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 hawakuwekwa kwenye kambi za kungoja mgao. Walipelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, wakapewa ardhi, kwa kawaida hekta 5 kwa familia, kwenye mapori ambayo wakati huo yalikuwa na mbung’o kuliko watu. Kufikia mwaka 1985 makazi hayo yalikuwa yanajitegemea kiasi kwamba UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, iliyakabidhi kwa serikali. Walilima mahindi, maharage, muhogo, tumbaku, wakalipa kodi na ushuru. Mwalimu Nyerere alitunukiwa mwaka 1983 nishani ya Nansen, ambayo UNHCR huwapa waliowatumikia wakimbizi, na aliyefika Katumba miaka ile anajua haikuwa zawadi ya maneno.

Sisemi yale makazi yalikuwa peponi. Huko nako mtu alihitaji kibali ili asafiri, na mtoto aliyezaliwa Mishamo alikua akijua kwamba yeye ni mkimbizi wa nchi asiyoiona. Hata hivyo mwaka 2007 serikali ilifanya jambo ambalo duniani ni nadra: iliwauliza watu wapatao 218,000 wanataka nini, kurudi Burundi au uraia wa tajnisi. Takribani wanne katika kila watano walichagua kubaki. Watu 162,156 wakakubaliwa kuwa raia, na mwaka 2010 ikatangazwa. Kisha jambo likakwama, kwa sababu waliambiwa watawanyike kwanza mikoa mingine, makazi yavunjwe, ndipo wapewe vyeti. Vyeti vyenyewe vilianza kugawiwa Oktoba 2014, baada ya sharti la kuhama kuwekwa kando.

Miaka ile minne ya katikati ndiyo iliyonifundisha kuliko kitabu chochote. Nilifika Mishamo, mzee mmoja akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha tanuru la matofali ya kuchoma. Yalikwisha kuiva, tena yaliiva vizuri, ukiligonga moja na jingine linalia kama chuma. Yalikuwa yamefunikwa nyasi na nyasi zenyewe zimeshaoza, mvua imeanza kuyala yale ya juu. Nikamwuliza mbona hajengi. Akaniambia, “Nijengee nani? Wamesema tutahama.” Hakulima migomba mipya pia. Alilima vinavyovunwa ndani ya msimu mmoja. Ukitaka kujua sera inamfanya nini mtu, usianze na hotuba ya waziri. Angalia mtu anapanda mazao ya muda gani.

Kwa nini basi tuliiacha njia hiyo? Hapa uwe mwangalifu usiilaumu serikali kirahisi, maana ina hoja. Katika miaka ya 1990 walivuka watu wengi mno kwa muda mfupi mno. Kambi ya Benaco, kule Ngara, ndani yake waliingia wahanga pamoja na baadhi ya wauaji, na silaha zikaonekana. Bajeti yetu ilikuwa imebanwa na masharti ya mageuzi ya uchumi, na vyama vingi vilikuwa vimeingia, kwa hiyo wakimbizi wakawa hoja ya kampeni. Machi 1995 mpaka wa Burundi ukafungwa. Desemba 1996 Wanyarwanda wakaambiwa wawe wamerudi kwao kabla mwaka haujaisha. Mwishoni mwa 1997 jeshi likazunguka vijiji vya mpakani mkoani Kigoma likawakusanya Warundi na kuwapeleka kambini, na ndani ya msako huo walikutwa watu waliokwisha kukaa vijijini miaka mingi, wengine wameoa au kuolewa na Watanzania. Profesa Bonaventure Rutinwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika tangu wakati huo juu ya jinsi hifadhi ilivyokuwa inabanwa barani Afrika. Msome yeye kabla hujasoma wa mbali.

Hoja ya serikali ina mguu mwingine pia. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ambao ulipanua maana ya mkimbizi hadi kumfikia anayekimbia vita na vurugu hata kama hakulengwa yeye binafsi, unasema pia kwamba nchi ikizidiwa, nyingine ziipunguzie mzigo kwa moyo wa mshikamano. Na kwa hesabu za UNHCR za mwisho wa 2024, asilimia 73 ya wakimbizi wa dunia walikuwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Mshikamano ulioahidiwa haujafika Kasulu. Tanzania ilipojitoa kwenye mpango mpya wa kimataifa wa wakimbizi mwanzoni mwa 2018, ilitaja usalama na fedha, na sehemu ya fedha zilizokuwa mezani ilikuwa mkopo. Kuiambia nchi ikope ili ihifadhi watu wa jirani yake ni jambo ambalo hata mimi ninayetetea wakimbizi sijui ningelisimamiaje mbele ya mkutano wa kijiji chenu.

Lakini kukubali kwamba serikali ina hoja si kukubali kila hatua iliyochukua. Chukua suala la fedha taslimu. Desemba 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa baadhi ya wakimbizi wa Nyarugusu pesa badala ya mgao wa unga, kunde na mafuta. Walianza na watu 10,000, wakaongezeka hadi makumi ya maelfu. Agosti 2017 serikali ikasimamisha. Baadaye masoko ya pamoja, ambako mwenyeji na mkimbizi walikutana kihalali, nayo yakafungwa.

Wewe uliishi jambo hili, kwa hiyo nikukumbushe tu lilivyokuwa. Mwenye mgao wa mahindi anapokea kilo zake, na hali mahindi kila siku kama wewe usivyokula mahindi kila siku. Anachukua sehemu ya mgao anaiuza kwa bei ya kutupa, ili apate muhogo, mawese na fungu la dagaa. Anapoteza yeye, na mkulima wa mahindi wa Kasulu anapoteza pia, maana soko lake limejaa mahindi ya bure yaliyotoka mbali. Mwenye pesa mkononi anakwenda moja kwa moja kwa mama yako. Utafiti uliofanywa kwenye kambi tatu za Wakongomani nchini Rwanda ukachapishwa 2016 ulipima jambo hili: kwenye kambi zinazogawa pesa, kila mkimbizi mtu mzima aliongeza kipato halisi cha eneo zima kwa dola 205 hadi 253 kwa mwaka, ilhali msaada wenyewe kwa mkimbizi ulikuwa dola 120 hadi 126. Shilingi moja inayoingia kambini ilizunguka kijijini ikazaa nyingine. Kwetu tulilikata zoezi lisipofika hata mwaka, na mimi sijaona hadi leo maelezo ya kunishawishi kwamba aliyelindwa kwa kulikata ni Mtanzania wa Makere.

Uganda na Kenya nitazigusa tu, maana msimamizi wako atakuuliza. Uganda, kwa sheria ya 2006, inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi, na inampa kipande cha ardhi kwenye makazi. Ni sera bora kuliko yetu, lakini usiipambe: viwanja vimekuwa vikipungua kadiri watu wanavyoongezeka, na mwaka 2018 uhakiki wa alama za vidole ulionyesha idadi iliyokuwa ikitajwa, milioni 1.4, imezidi ukweli kwa laki kadhaa. Kenya ilikaa na Dadaab na Kakuma tangu mwanzo wa miaka ya 1990 kwa mtindo kama wetu, ikapitisha Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na mwaka 2025 ikazindua Mpango wa Shirika wa kuzigeuza kambi ziwe makazi yanayotambuliwa. Ni mapema kusema matokeo. Tumia Kenya kama jambo la kufuatilia, usiitumie kama ushahidi.

Sasa mbinu. Kwanza, jihadhari na neno “mwenyeji”. Kwenye pendekezo lako utaandika kwamba utahoji wenyeji 100 na wakimbizi 100, kama vile watu wamevaa sare. Kiha na Kirundi vinasikilizana, ndoa zimevuka mpaka kabla mpaka haujachorwa, na wewe mwenyewe unajua Waha wangapi wamesumbuliwa wathibitishe uraia wao; wabunge wa Kigoma wamelisema bungeni zaidi ya mara moja. Dodoso linalomwuliza mtu wa Kasulu “wewe ni raia?” linasikika masikioni mwake kama swali la Uhamiaji. Uliza amekaa hapo tangu lini, analima shamba la nani, anapata wapi maji. Uraia acha aseme mwenyewe akipenda.

Pili, kuni. Malalamiko ya babu usiyaache nje kwa sababu hayana fedha ndani yake. Mwombe atembee na wewe hadi alipokuwa akikata kuni mwaka 1995, kisha hadi anapokata leo, pima hatua na saa. Kisha tembea na mwanamke wa kambini kwenye safari hiyohiyo, kama utapata kibali na ridhaa yake. Yeye pia anatembea mbali, na njiani ana hofu ambazo babu hana.

Tatu, na hili naliandika kwa uchungu. Katika ripoti moja ya siku zangu za mwanzo nilieleza vizuri mno jinsi wakimbizi wanavyotoka kwenda kulima vibarua. Nilitaja kijiji, nikataja kijito wanachovukia, nikataja na saa. Nilidhani ninaonyesha umakini wa utafiti. Ripoti ikafika kwenye ofisi fulani, na msimu uliofuata kwenye kile kijito waliwekwa watu wa kukamata. Niliporudi, mama mmoja aliyekuwa amenipokea kwake kwa uji hakutoka ndani kunisalimu. Sikuwahi kujua kama ni yeye aliyekamatwa au ni mwanawe. Tangu siku hiyo sitaji njia, sitaji saa, na kijiji nakificha hata kwa msimamizi. Kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kile cha Wizara ya Mambo ya Ndani utavipata, uvitafute mapema maana huchukua muda, lakini vibali hivyo vinakulinda wewe. Aliyekuambia siri yake hana kibali chochote zaidi ya ahadi yako. Na umwambie kila mmoja mwanzoni, kwa Kirundi au Kiswahili chepesi, kwamba mahojiano haya hayatamleta mtu wa kumpeleka Marekani wala Kanada. Wengi watakubali kuhojiwa kwa tumaini hilo ukinyamaza, na ukinyamaza umewalaghai.

Nianzie wapi, umeuliza. Anzia kwa mama yako. Mtu anayeuza unga na dagaa jirani na kambi kwa miaka mingi hakosi daftari: nani amekopa, nani amelipa, gunia limenunuliwa kiasi gani, siku gani biashara imelala. Mwulize kama anayo ya kuanzia 2016, hata kama yameliwa na panya pembeni. Kama yapo, umeshika mauzo ya kabla ya pesa za Desemba 2016, ya miezi ile ya pesa, na ya baada ya Agosti 2017. Hakuna benki wala chuo chenye kumbukumbu ya namna hiyo kwa Makere. Piga picha kila ukurasa leo hii kabla hujafanya jambo jingine, ufunike majina ya wadeni, halafu keti naye akusomee, maana kuna alama alizoweka ambazo yeye peke yake anazijua. Kisha waulize wauzaji wengine watano au sita barabarani kama nao wametunza yao.

Kwa babu hutakuta daftari. Mkumbushe kwa matukio: mwaka ambao kambi ilifunguliwa, 1996, mwaka ambao MV Liemba ilikuwa ikiwasomba Warundi kutoka Kagunga, 2015, na kipindupindu kikaua baadhi yao, mwaka ambao pesa zilikuja na kukatika. Kwa kila tukio mwulize alilipwa nini kulima ekari moja, na kwa malipo hayo alinunua debe ngapi za mahindi. Usimwulize kwa shilingi peke yake, shilingi ya 1996 si ya leo. Mahindi kwa debe atakujibu bila kusitasita.

Ukishapata namba za babu na za mama, ziweke kwenye karatasi moja, tarehe kwa tarehe, unitumie. Nitazisoma kabla ya pendekezo lako.